Mikato ya ndege za kivita kwenye supakaa: ina kazi, ama ni pambo?

MchoraMistari (Kisauni)

Assalaam aleikum wanajukwaa. Mimi ni mwanafunzi wa usanifu katika chuo kimoja hapa Mombasa, na muhula huu tumepewa kazi ya kuchora gari la dhana, yaani gari la maonyesho ambalo si lazima liingie barabarani. Nilichagua kuchora supakaa yenye umbo la ndege ya kivita: pua iliyochongoka, bodi iliyokatwa kwa pembe kali bila mviringo hata mmoja, matundu ya hewa yenye pande sita ubavuni, paa la kioo linaloinuka lote kwa pamoja, na mapezi mawili nyuma yaliyoinama nje mfano wa mkia wa F-22, ndege ya kivita ya Marekani. Mwalimu aliutazama mchoro, kisha akaweka kidole juu ya mkato mmoja baada ya mwingine akiniuliza kila mmoja unafanya kazi gani. Nilijibu kwamba inaonyesha kasi. Akaniambia kwamba gari lililoegeshwa halina kasi ya kuonyesha, na karatasi akanirudishia.

Sasa mimi najiuliza kama wakubwa wa kazi hii waliwahi kuulizwa swali hilo. Lamborghini, kampuni ya magari ya Italia, ilipoitoa supakaa ya Reventón katika maonyesho ya Frankfurt mwaka 2007, haikuficha kwamba wachoraji wake wa Sant'Agata Bolognese walikuwa wameelekeza macho kwenye ndege za kivita. Rangi yake ilikuwa ya kijivu isiyong'aa, mistari ilivunjika ghafla, na dashibodi ilikuwa na skrini mahali pa mishale, pamoja na kipimo cha nguvu inayomsukuma dereva anapokata kona au kufunga breki. Magari 20 yaliuzwa kwa euro milioni moja kila moja kabla ya kodi, na kabla ya mwaka huo kwisha gari hilo likashindanishwa na ndege ya Tornado ya jeshi la anga la Italia kwenye kituo cha Ghedi, ambapo ndege ilishinda kwa tofauti ndogo. Kisha mwaka 2013, kampuni hiyo ilipotimiza miaka 50, Walter de Silva akachora Egoista, gari la kiti kimoja ambalo chumba chake kilitokana na helikopta ya Apache, na ambalo dereva hawezi kutoka mpaka ang'oe usukani, asimame juu ya kiti, akalie bodi, ndipo azungushe miguu nje.

Swali langu ni hili. Je, umbo la ndege ya kivita likihamishiwa kwenye gari hubaki na kazi yoyote, ama huwa limekwisha kuwa vazi tu? Na kama ni vazi, je, gari la dhana lina wajibu wa kuwa zaidi ya hapo? Naomba wenye ujuzi wanijibu kwa sababu, maana hoja ya kwamba linapendeza nimekwisha kuipeleka kwa mwalimu na haikupita.

PortReitz

Wa aleikum salaam, ndugu yangu, na pole kwa karatasi iliyorudi, ingawa kwa maoni yangu mwalimu wako amekuuliza linalopaswa kuulizwa. Mimi hufanya matengenezo ya ndege za abiria, si za kivita, lakini hewa ni ileile, na katika kazi yetu hakuna kipande kinachoruhusiwa kujitokeza nje ya ndege bila kuwapo mtu anayeweza kueleza kwa nini kipo.

Tuanze na hizo pembe kali. Zilipata umaarufu kwa F-117, ndege ya Marekani ya kukwepa rada, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1981, na sababu yake haikuhusu kasi hata chembe. Mwanafizikia wa Kisovieti, Pyotr Ufimtsev, alikuwa amechapisha mjini Moscow mwaka 1962 hesabu za namna mawimbi yanavyotawanyika yanapokutana na kingo za kitu, na wahandisi wa Lockheed, kampuni iliyoiunda ndege hiyo, walipozisoma katika tafsiri waliona kwamba kwa hesabu zile wangeweza kukadiria ni kiasi gani cha wimbi la rada kitakachomrudia adui. Kikwazo kilikuwa kompyuta za miaka ya 1970, ambazo hazikuwa na uwezo wa kupiga hesabu hizo kwa umbo lililopinda, na ndiyo maana ndege nzima ikajengwa kwa vipande bapa, kila kimoja kikiwa kimeinamishwa ili kulitupa wimbi mbali na kule lilikotoka. Kwa upande wa kuruka, umbo hilo lilikuwa baya kiasi kwamba ndege haikuweza kutulia angani bila kompyuta kuisahihisha muda wote, na tena haikuifikia kasi ya sauti. Kompyuta zilipopata nguvu, wahandisi waliurudia mpindo, na ukiitazama B-2, ndege nyingine ya kukwepa rada iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1989, utaona jinsi walivyozikimbia pembe zile mapema walivyoweza. Kwa hiyo mwaka 2007, watu walipokuwa wakiisifu Reventón kwa mikato ya kisasa, mikato ya namna hiyo ilikuwa imekwisha kuachwa na wenyewe walioibuni, na F-117 ikastaafishwa mwaka uliofuata.

Mapezi ya F-22 nayo yana kisa chake. Pezi likisimama wima juu ya bawa lililolala, hufanya kona ya mraba, na kona ya mraba hulirudisha wimbi la rada moja kwa moja kwa aliyelituma. Ndiyo maana mapezi yale yameinamishwa, na kingo za mbawa na za milango zimepangwa kufuata pembe chache zilezile ili mwangwi uende pande chache tu. Gari lako linajificha rada ya nani? Nakumbuka taarifa ya Lamborghini kuhusu Egoista ilieleza kwamba bodi na rimu zake zimetengenezwa kwa kitu cha kuzuia rada, nami nikajiuliza kama walikuwa wamewafikiria polisi wetu wenye vipima mwendo kwenye barabara ya Malindi.

Lipo jambo zito zaidi kuliko rada. Ndege hutafuta kuinuliwa na hewa, ilhali gari linalokwenda kilomita 300 kwa saa hutafuta kukandamizwa chini lisiachane na lami, na hizo ni haja mbili zinazopingana. Mwaka 1999 Mercedes ilipeleka kwenye mashindano ya Le Mans huko Ufaransa gari liitwalo CLR, refu na bapa, ambalo pua na mkia wake vilitokeza mbali mbele na nyuma ya magurudumu. Lilipopanda mwinuko wa barabara hewa ilipata njia chini ya pua, na gari likapaa. Dereva wake Mark Webber alipaa mara mbili kabla ya shindano, na mwenzake Peter Dumbreck akapaa katikati ya shindano lenyewe akatua nje ya barabara upande wa miti. Wote wawili walinusurika, na timu ikaliondoa gari lililobaki. Gari likiiga ndege kikamilifu, matokeo yake ndiyo hayo.

Vilivyohama kwa haki kutoka angani kuja barabarani havionekani kwa macho. Breki zinazozuia gurudumu lisigande zilianza kwenye ndege, na mfumo wa Maxaret wa Dunlop ukaingia katika gari la Jensen FF mwaka 1966. McLaren ilipotaka chasisi ya nyuzi za kaboni kwa ajili ya gari lake la mashindano la MP4/1 mwaka 1981, ilibidi iiagize kwa Hercules huko Utah, kampuni ya kazi za anga, na mwaka huohuo dereva John Watson aliligonga gari hilo kwenye mashindano ya Monza kwa kishindo cha kutisha akatoka mzima. Huo ndio urithi wa ndege, na hauna pembe hata moja.

FaibaMtwapa

Nimemsoma PortReitz kwa heshima, na kuhusu rada sina ugomvi naye, ila naona anaitazama bodi ya gari kwa macho ya angani tu. Mimi hujenga mashua za faiba huku Mtwapa, na vijana wa magari huniletea bampa na spoila zao niwatengenezee, kwa hiyo najua kidogo jinsi bati na faiba zinavyofanya zikiachwa bapa.

Chukua bati bapa la ukubwa wa boneti, ulibonyeze katikati kwa kiganja, nalo litaingia ndani na kurudi kwa kishindo. Likunje mara moja kwa urefu wake, hata mkunjo usiozidi upana wa kidole, na kiganja chako hakitaliweza tena. Mkato, basi, una kazi kwenye gari, na kazi hiyo haihusu hewa wala rada: ni kuliimarisha bati jembamba bila kuongeza uzito, na ndiyo sababu moja ya kuikuta mistari ile hata ubavuni mwa magari ya kawaida yanayoteremshwa bandarini kila wiki. Ndugu mwanafunzi, jibu hilo mpelekee mwalimu wako. Lakini jiandae, kwa sababu akiwa mjanja atakuuliza kwa nini umeuchora mkato pale ambapo bodi imekwisha kushikiliwa na fremu, na kwa nini una mikato tisa mahali ambapo mmoja ungetosha.

Sasa nikuonye jambo ambalo kompyuta ya kuchorea haitakuonya. Kona ya makali ya kisu ni rahisi kuchora na ni taabu kutengeneza. Mkeka wa faiba haukubali kukunjwa namna hiyo. Hunyanyuka kutoka kwenye kalibu, ukaacha mapovu ya hewa chini yake, na pale kwenye ncha hujaa resini tupu isiyokuwa na uzi, ambayo hupasuka kwa pigo dogo la kwanza. Nyuzi za kaboni zina tabia hiyohiyo, tena zenyewe ni ghali. Fundi anayeijua kazi huilainisha kila kona kidogo kwenye kalibu, hata kama mwenye gari amesisitiza kwamba anataka ukali, halafu hurudisha ukali kwa macho tu, kwa namna rangi na kivuli vinavyokutana. Hapo ndipo rangi isiyong'aa ilipoisaidia Reventón. Rangi inayong'aa huonyesha taswira ya mawingu na nyumba juu ya bodi, na jicho hupotea humo. Rangi iliyokufa huacha mwanga na kivuli peke yake, na kila pembe husomeka. Huo ni ufundi, nao haukutoka kwenye rada.

Kuhusu vazi, mimi sioni aibu yake. Majahazi ya Lamu huwekewa macho kwenye omo, pande zote mbili. Macho yale hayauoni mwamba wala nahodha hayategemei, na bado sijamwona mwenye chombo akiyang'oa kwa kuwa hayana kazi. Aliyelipa euro milioni moja kwa Reventón alijua kwamba chini ya bodi ile ya kaboni mna mitambo ya Murciélago LP640, gari jingine la Lamborghini, na injini ya silinda 12 ya lita 6.5. Alinunua sura, akapewa sura, na hakudanganywa.

BintiKizingo

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na magari haya yote ya kujifanya ndege ni ya kujitembeza. Mkitaka umbo lililokithiri ambalo halikuiga kitu, itazameni McLaren Senna iliyotolewa mwishoni mwa mwaka 2017. Wengi waliiona mbaya, na mimi sitawapinga, kwa sababu ina matundu kila mahali na bawa la nyuma linalotisha. Lakini ikifika kilomita 250 kwa saa hewa huikandamiza kwa nguvu ya kilo 800, ilhali gari lenyewe bila mafuta na maji lina kilo 1,198 tu. Hakuna aliyeketi akasema afanye gari lifanane na kitu fulani. Walifuata hewa ilikotaka kwenda, na sura ikaja yenyewe.

FaibaMtwapa

Dada yangu, Senna 500 zote zilinunuliwa, na Reventón 20 zote zilinunuliwa. Methali yako inazitetea zote mbili.

PortReitz

Ndugu Faiba, hoja ya mkunjo naikubali kabisa, na ningependa mwanafunzi aishike kuliko zote. Kwenye macho ya jahazi natofautiana nawe kidogo. Macho yale yamekaa bapa ubavuni mwa omo na hayaongezi ukinzani wa maana, ilhali spoila iliyowekwa kwa ajili ya sura hukaa katikati ya njia ya hewa na humgharimu mwenye gari mafuta kila siku anayoendesha. Vijana wetu hufunga bawa refu nyuma ya gari dogo linaloendeshwa kwa magurudumu ya mbele, kisha hulipeleka mwendo wa mjini wa kilomita 50 kwa saa, ambao hautoshi kuliamsha bawa lolote. Na hata lingeamka, lingelikandamiza gurudumu lisilo na kazi ya kuvuta. Pambo lisilodhuru nalisamehe. Linalodhuru nataka lijieleze.

MchoraMistari (Kisauni)

Ahsanteni sana, wakubwa zangu. Nimeuchukua mchoro na kuanza kuifuta mikato, na nimeshangaa jinsi ubavu wa gari ulivyobaki mtupu baada ya kuondoa yote ambayo siwezi kuitetea. Mkunjo mmoja nimeuacha kwenye mlango, mahali bati lilipo pana zaidi.

Bado nina maswali mawili. La kwanza ni la milango na paa la kioo, kwa kuwa hilo ndilo nililolipenda kuliko yote na hakuna aliyeligusa. La pili ni kuhusu magari ya dhana yenyewe: je, yapo yaliyochorwa kwa ndoto tupu namna hii yakazaa kitu kilichofanya kazi? Nahitaji mfano wa kumpelekea mwalimu, la sivyo ataniambia nichore pikapu.

Kibokoni

Kijana wangu, mifano ipo, na baadhi yake inakupinga. Nitaanza na hiyo.

Mtindo huu ni mkongwe kuliko Lamborghini. Harley Earl, mkuu wa wachoraji wa General Motors, alivutiwa na ndege ya P-38 ya Vita vya Pili vya Dunia, ile yenye mikia miwili, na Cadillac ya mwaka 1948 ikatoka na vipezi viwili vidogo nyuma. Havikuwa na kazi yoyote. Watu walivipenda, washindani wakaviiga, navyo vikarefuka mwaka hadi mwaka mpaka Cadillac ya 1959, ambayo mapezi yake yalifika mahali ambapo hapakuwa tena pa kwenda isipokuwa kurudi chini. Katikati ya miaka ya 1960 yalikuwa yamekwisha kutoweka. Earl huyohuyo alitoa Firebird I mwaka 1953, gari la maonyesho lililoigwa waziwazi kutoka kwa ndege ya Skyray ya kampuni ya Douglas, lenye bodi ya faiba, mbawa fupi, pezi la nyuma, kuba la kioo juu ya dereva mmoja, na injini ya turbini. Lilifuatwa na Firebird II na III, na hiyo ya tatu, ya mwaka 1958, haikuwa na usukani bali fimbo ya kuongozea. Hakuna iliyouzwa. Moto wa turbini peke yake ungewachoma waliokuwa nyuma yake kwenye foleni, na mnaoijua foleni ya kivuko cha Likoni mtaelewa kwa nini nafurahi wazo lile lilikufa. Kilichobaki cha Firebird I katika mashindano ya magari ni sanamu yake ndogo juu ya kikombe cha Daytona 500.

Sasa mfano wa kukufaa. Mwaka 1970, Bertone, kampuni ya Italia ya kuchora magari, ilionyesha huko Turin gari la Lancia Stratos Zero, lililochorwa na Marcello Gandini, umbo la kabari tupu lenye urefu wa sentimita 84 hivi kutoka chini hadi juu. Mlango ulikuwa kioo cha mbele: unakiinua, unapanda, unaingia. Inasimuliwa kwamba Nuccio Bertone alipolipeleka gari hilo kwa Lancia, alipita nalo chini ya kizuizi cha lango bila kizuizi kuinuliwa. Ungelitazama siku hiyo ungeapa kwamba ni mchezo wa matajiri. Lakini mazungumzo yaliyoanzia hapo yalizaa Stratos HF, ya mkono wa Gandini huyohuyo, yenye injini ya Ferrari ya silinda sita, fupi na nyepesi na iliyoundwa tangu mwanzo kwa ajili ya mbio za barabara mbovu, ikatwaa ubingwa wa dunia wa mbio hizo mwaka 1974, 1975 na 1976. Ilifika hata kwetu. Katika Safari Rally ya mwaka 1975, Stratos zilimaliza ya pili na ya tatu nyuma ya Peugeot 504 ya Ove Andersson. Ukiziweka Zero na HF ubavu kwa ubavu utaona kwamba karibu kila kitu kilibadilika, kwa sababu udongo hauna subira na ndoto. Kilichosalia ni ukabari, na ujasiri wa Lancia kukubali gari lisilofanana na lolote lililotangulia.

Ama Countach ya Lamborghini, ambayo ndiyo mama wa hizi unazozipenda, inafundisha vizuri zaidi. Ilipoonekana Geneva mwaka 1971 ilikuwa safi kabisa, bila tundu kubwa wala spoila. Walipoanza kuijaribu barabarani, injini ikapata joto kupita kiasi, kwa kuwa kabari ile nzuri haikuipa hewa. Gari lililouzwa kuanzia mwaka 1974 likawa na masanduku ya kuvuta hewa mabegani na matundu makubwa ubavuni. Matundu yale yana nasaba ya kweli ya ndege: ni umbo la NACA, shirika la Marekani la utafiti wa ndege, lililotafitiwa na kuchapishwa mwaka 1945, jembamba mbele na pana nyuma, lililozama ndani ya bodi ili kuchukua hewa bila kuongeza ukinzani mwingi. Walilijaribu kwenye ndege ya kivita ya YF-93 kulisha injini ya jeti, halikuridhisha, wakarudi kwenye matundu ya kawaida. Kwenye magari likapata kazi ya kudumu, na hata Ferrari F40 ya mwaka 1987 inayo kadhaa. Kwa hiyo ondoa hayo matundu ya pande sita, chora la NACA, na uandike pembeni linalisha kitu gani, kwa maana tundu lisilo na kitu nyuma yake ni stika.

Nije kwenye milango. Gandini aliiweka milango inayofunguka kwa kupanda juu kwenye Alfa Romeo Carabo mwaka 1968, kisha kwenye Countach, na watu wengi hudhani ilikuwa kiburi. Countach ni pana, na nyuma haionekani. Mlango ukipanda, dereva anaweza kukalia kizingiti cha bodi, kuchungulia nyuma na kurudisha gari kinyumenyume, na pia anaweza kutoka mahali ambapo mlango wa kawaida ungegonga ukuta. Yeyote aliyewahi kuegesha huku Mji wa Kale hahitaji kuelezwa faida ya hilo. Mlango huo utetee bila hofu.

Paa la kioo ni jambo jingine. Pininfarina, kampuni nyingine ya wachoraji wa Italia, ililiweka kwenye Ferrari Modulo mwaka 1970, likiteleza kuelekea mbele, na Egoista ikalirudia kwa mtindo wake. Rubani wa ndege ya kivita amekalia kiti kinachomrusha nje pakiharibika. Dereva wako amekalia kiti cha kawaida, na gari likipinduka paa ndilo litakalokuwa chini, nalo ndilo mlango pekee aliokuwa nao. Ongeza jua la Mombasa la saa saba mchana juu ya kuba la kioo lisilo na dirisha la kushusha. Ukitaka kulibakisha, chora na njia ya pili ya kutokea, hata kama ni ya kubana.

BintiKizingo

Mzee Kibokoni, kwa Stratos nimenyamaza. Ila nakumbusha kwamba HF ilishinda baada ya kuiacha sura ya Zero, wala si kwa kuishikilia.

PortReitz

Limebaki suala la mapezi, na nisingependa kijana ayafute yote kwa sababu yangu. Pezi lina kazi halali kwenye gari linalokwenda kasi sana. Gari likianza kuteleza ubavu kwa mwendo mkubwa, hewa hupita chini yake kutoka upande na inaweza kulinyanyua, na ndiyo maana tangu mwaka 2011 magari mapya ya daraja la juu la Le Mans yalitakiwa kuwa na pezi kubwa juu ya kifuniko cha injini, ili kuzuia gari lisizunguke na kupaa. Pezi hilo ni moja, liko katikati, na limesimama wima. Ukilichora hivyo, anza nyuma tu ya kichwa cha dereva na ulipeleke hadi kwenye bawa, na pembeni yake uandike kwamba kazi yake ni kulituliza gari linapoteleza. Mawili yaliyoinama yaachie F-22.